Peke Yako Mtoni: Pangani, Mkata na Historia ya Msafiri Mmoja

Katika mashairi yetu mkata ni fukara, mtu asiye na mbele wala nyuma, na wahenga walisema kuwa mkata hana kinyongo. Kwa msafiri wa barabara ya Chalinze na Segera, Mkata ni mji wa wilaya ya Handeni ambao basi husimama kwa dakika chache, abiria wakajinyoosha miguu, kisha safari ikaendelea. Sina nia ya kuyafunga majina haya mawili kwa kamba moja. Lakini siku niliyoteremka hapo, nikielekea nyumbani kwa shangazi yangu aliyeolewa huko yapata miaka thelathini sasa, niliyaona madumu ya manjano yamepangwa foleni, na pikipiki zilizofungwa madumu manne manne zikipita mbio kwenda kuyauza maji mitaani. Nikalikumbuka neno la washairi.

Nilikuwa katika likizo. Azma yangu, msomaji mpenzi, ilikuwa kwenda Pangani kukodi mtumbwi na kuupanda mto kwa kafi peke yangu, siku moja kwenda na siku moja kurudi, pasipo shughuli yoyote ila kupumzisha roho. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "umetoka kisiwani, maji yamekuzunguka pande zote, nawe unakuja mrima kutafuta maji mengine ya kuelea! Sisi huku twayanunua kwa ndoo." Kisha akauliza: "Na unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

Akatikisa kichwa. "Marehemu mama mkwe wangu alikuwa akisema, zamani mtu hakwenda mtoni peke yake."

Makala haya yametokana na maneno hayo ya shangazi. Mwanzo niliyachukua kuwa ni hofu ya mamba. Baadaye nilitambua kwamba ndani yake mna historia nzima, na kwamba sisi watu wa visiwani tumo ndani ya historia hiyo kuliko tupendavyo kukiri.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Mkata iko baina ya mito miwili mikubwa. Kaskazini yake ni mto Pangani, ambao Wazigua huuita Luvu, unaoanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukapita chini ya milima ya Upare na Usambara, ukafika Korogwe, kisha ukaporomoka katika maporomoko ya karibu na Hale kabla ya kutulia na kuikuta bahari mbele ya mji wa Pangani. Urefu wake ni kama kilomita 500. Kusini yake ni mto Wami, unaomwagikia baharini kati ya Saadani na Bagamoyo. Katikati ya mito hiyo hupita Msangazi, mto mdogo wa nchi ya Handeni, ambao nao huishia baharini. Mtu aitazamaye ramani angeweza kudhani kwamba nchi iliyokumbatiwa hivi na mito ingekuwa nchi ya vyombo na wanamaji. Haikuwa hivyo. Huku watu walisafiri kwa miguu, tena kwa makundi, na mtumbwi ulikuwa wa kuvukia na kuvulia, haukuwa wa kuendea mbali.

Desturi ya mtu mmoja kuingia ndani ya chombo kidogo na kushuka na mito ya bara kwa ajili ya mapumziko ina umri unaojulikana. Mwaka 1865 mwanasheria mmoja wa Kiskoti, John MacGregor, alijiundishia mtumbwi mwepesi uliofunikwa juu, akauita Rob Roy, akasafiri peke yake katika mito na maziwa ya Ulaya, ikiwamo Rhine, Danube na Seine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1866, na watu wengi wakatamani kumwiga. Miaka kumi baadaye, mwaka 1876, Robert Louis Stevenson, ambaye alikuwa hajapata umaarufu bado, alipita na rafiki yake katika mifereji na mito ya Ubelgiji na Ufaransa, kila mmoja katika mtumbwi wake, naye pia akaitungia kitabu safari hiyo, kilichotoka mwaka 1878. Tangu hapo safari ya namna hii ikawa jambo la kawaida kwa watu wenye nafasi.

Sasa tuiweke miaka hiyo miwili, 1865 na 1876, mbele ya mito ya upande wetu. Mwaka 1865, MacGregor akipiga kafi Ulaya, Baroni Karl Klaus von der Decken wa Ujerumani aliingia mto Juba na meli ya moshi iliyoitwa Welf. Alikuwa na wenzake wa Kizungu, alikuwa na wafanyakazi, alikuwa na bunduki. Meli ilikwama majabalini juu ya mji wa Bardera ikaharibika, na yeye mwenyewe akauawa pamoja na baadhi ya wenzake. Mwaka 1876, Stevenson akielea Ufaransa, Luteni Shergold Smith na fundi Alexander Mackay wa misheni ya Kiingereza ya CMS walijaribu kupanda mto Wami kwa boti ya moshi iliyoitwa Daisy, wakitafuta njia ya maji ya kuelekea Mpwapwa. Mto ulijipinda na kujipinda mpaka wakakata tamaa. Wakaujaribu na Kingani, yaani Ruvu ya Bagamoyo, nao ukawashinda vilevile. Daisy ikafunguliwa vipande vipande, ikabebwa vichwani na mabegani hadi ziwa Nyanza. Chombo kilichokusudiwa kuwabeba watu kikabebwa na watu.

Kwa nini basi mtu mmoja aliweza huko, na kundi zima likashindwa huku? Jibu la haraka ni maumbile. Mito yetu ina maporomoko, michanga na misimu ya ukame. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Mito ya Ulaya nayo ilikuwa na maporomoko na mawe; ilizibwa, ikachimbwa, ikawekewa milango ya maji kwa kazi ya vizazi vingi. MacGregor alilala katika nyumba za wageni. Mtumbwi wake, ilipobidi, ulipakiwa katika garimoshi au gari la ng'ombe. Alikuwa peke yake ndani ya mtumbwi tu. Nyuma yake palikuwa na maelfu ya watu waliokwisha kuufanya mto uwe njia salama kwa mtu mmoja. Juu ya yote, alikuwa na jambo ambalo hakulitaja kwa kuwa hakulihisi: hakuna mtu katika kingo za mito ile ambaye angemkamata na kumuuza.

Hapo ndipo tunaporudi kwa mama mkwe wa shangazi yangu. Yeye alikuwa Mzigua, na alivyosimulia ni kwamba katika zama za bibi zake wanawake waliteka maji kwa kundi, wanaume wakiwatangulia na silaha. Mtu aliyekutwa peke yake njiani au mtoni aliulizwa swali moja tu: "Wewe wa nani?" Mwenye kujibu kwa jina la mkubwa anayejulikana, alipita. Asiye na jina la kutaja, aligeuka mali.

Mto Pangani wenyewe unao ushahidi wa jambo hili. Mwezi Februari 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Pangani kutoka Unguja, wakaupanda mto kwa chombo kidogo hadi Chogwe, ambako Sultani wa Zanzibar alikuwa na ngome ndogo ya askari wa Kibulushi. Kutoka hapo waliiacha njia ya maji, wakafuata nchi kavu hadi Tongwe, wakapita Korogwe, wakapanda Vuga kwa mfalme wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai. Walikaa huko muda mfupi, wakarudi Pangani, wakapigwa na homa. Vitabu vya safari huandika habari kama hizi kana kwamba wawili hao walitembea katika nchi tupu. Lakini walipita kwa idhini ya Sultani, kwa ulinzi wa askari wake, kwa mikono ya wapiga makafi na kwa vichwa vya wapagazi. Na mto waliupanda mpaka pale tu ambapo ulinzi ulifika.

Katika ngome ile ya Chogwe walimkuta askari mmoja ambaye habari zake zinatufaa zaidi kuliko zao. Jina lake lilikuwa Mubarak, mashuhuri kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao. Angali mtoto, kijiji chao kilivamiwa, akachukuliwa hadi Kilwa, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akakaa huko miaka mingi hadi bwana wake alipofariki naye akapata uhuru. Akarudi Zanzibar, akajiandikisha kuwa askari, akapangiwa Chogwe. Kwa kuwa alijua Kihindustani, Speke aliweza kuzungumza naye, akamwajiri. Tangu siku hiyo Mubarak alitembea na Burton na Speke hadi Tanganyika, akaenda na Speke na Grant hadi Nyanza na mto Naili, akawa pamoja na Stanley katika safari ya 1871, na pamoja na Cameron aliyevuka bara kutoka bahari hadi bahari kati ya 1873 na 1875. Alifariki mwaka 1885. Wachache mno katika karne ile walitembea Afrika kama yeye, na safari ya kwanza kati ya hizo ilianzia hapo kingoni mwa mto Pangani. Hata hivyo, mtu huyu aliyelijua bara kuliko mabwana zake hakupata hata mara moja kusafiri kwa hiari yake mwenyewe, peke yake, kwa starehe tu. Aliondoka kwao mara ya kwanza kama mateka, na mara zote zilizofuata kama mwajiriwa.

Ama Wazigua wenyewe, mito imeingia katika historia yao kwa namna ya ajabu zaidi. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi yao. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, na wengi, kwa kuuzwa, kwa kujiweka rehani au kwa kudanganywa, walijikuta ndani ya majahazi yakielekea pwani ya Benadir, huko Somalia ya leo, kulimishwa mashamba. Baadhi yao walitoroka. Masimulizi yao humtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu, wakifuata kusini. Wakafika mto Juba, wakaona kuwa misitu ya kingo zake inaweza kuwaficha, wakabaki. Wakajenga vijiji, wakalima, wakalinda lugha yao ya Kizigua hadi leo.

Tazama basi, msomaji, jinsi mambo yanavyokutana. Meli ya Baroni Decken, ilipopanda mto Juba mwaka 1865, ilipita katika kingo ambazo Wazigua hawa walikuwa wamekwisha kuzifanya kwao. Yeye alikuwa akiutafuta mto kwa ajili ya jina na elimu. Wao waliutafuta kwa ajili ya roho zao. Yeye ulimshinda, wao uliwapokea. Katika vitabu vya mito ya Afrika, lakini, jina lake limeandikwa kwa wino mzito, na la Wanakhucha limeachiwa wasimulizi wa usiku.

Hadithi hiyo haikuishia Juba. Dola ya Somalia ilipovunjika mwaka 1991, watu hawa wasio na ukoo wenye silaha wa kuwakinga walivamiwa tena. Wengi walikimbilia Kenya, na maelfu kati yao walipokewa baadaye Marekani. Wengine walishuka kwa vyombo hadi Tanzania, wakasema kwamba wao wanarudi kwa babu zao. Walipelekwa Handeni, kwanza Mkuyu na kisha Chogo, wakapewa ardhi, na wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Wenyeji waliwasikia wakizungumza Kizigua, wakaelewana. Karne moja na nusu, bahari moja na mito kadhaa, na watu wakarejea katika nchi ile ile waliyotolewa, katika wilaya ile ile ambayo Mkata imo.

Nimesema kwamba sisi wa visiwani tumo katika historia hii. Tusijifiche nyuma ya majina ya wengine. Mikarafuu ya Unguja na Pemba, ambayo harufu yake tumeitungia mashairi mengi mazuri, ilihitaji mikono, na mikono ile ilivushwa kutoka mrima, Pangani ikiwa mmoja wa milango. Mwanamke wa Kizigua aliyeogopa kwenda mtoni peke yake alikuwa akiyaogopa masoko, na soko kubwa lilikuwa kwetu. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba, na Tanganyika mwaka 1922. Miaka hiyo tumezoea kuihesabu kama miaka ya sheria na mikataba. Mimi nadhani yafaa tuihesabu pia kama hatua ambazo mtu wa kawaida alirudishiwa uwezo wa kuwa peke yake njiani.

Na mto? Wajerumani walipoitawala pwani, baada ya vita vilivyoanzia Pangani mwaka 1888, ambavyo Hemed bin Abdallah al-Buhriy aliviandikia utenzi, hawakuwa na haja na mto kama njia. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, na Moshi 1911. Biashara iliyokuwa ikishuka Pangani ikaenda Tanga. Katani, ambayo Daktari Richard Hindorf aliileta mwaka 1893 na ikaoteshwa Kikogwe karibu na mlango wa mto, ikaenea hadi Korogwe na kupita, ikahitaji reli zaidi kuliko makafi. Vita Kuu vilipofika bonde hilo mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka na kingo za mto kwa miguu na farasi, yakaingia Handeni mwezi Juni. Mto uliwapa maji ya kunywa, haukuwabeba. Pangani ikabaki bandari tulivu, ambako Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926. Mara nyingi nimemfikiria mshairi yule akiandika idadi ya magunia mchana na beti usiku, mto ukipita mbele yake bila haraka.

Maporomoko yaliyomzuia mwenye chombo yakapata kazi nyingine. Mitambo ya kwanza ya umeme wa maji iliwekwa Pangani katika miaka ya 1930, ikafuata ya Hale mwaka 1964, yenye megawati 21, na ile mpya ya maporomoko ya Pangani mwaka 1995, yenye megawati 68. Juu huko, bwawa la Nyumba ya Mungu huyakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru. Na katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga mradi mkubwa wa kuyavuta maji ya mto huu upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mabomba hadi Handeni. Watu waliongezeka, mitambo ikachakaa, na madumu ya manjano yakazidi. Mwaka 2022 ilitiwa saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 nchini, Handeni ikiwa mmojawapo. Hivyo mto ambao haukupata kuwabeba watu kwenda bara, watu wanaubeba kwenda bara kwa bomba. Kila mtu ana dai lake juu yake: mwenye mpunga, mwenye miwa, mwenye mtambo, mwenye ndoo. Nilipokuwa nikimwaga maji ya kuoga kwa shangazi, nikijua bei yake, niliona haya kidogo kwa azma yangu.

Hata hivyo nilikwenda. Pangani nilikodi mtumbwi kwa mzee mmoja mvuvi, naye alinipa usia mfupi: "Panda na maji, rudi na maji. Ukibishana nayo utachoka wewe, maji hayachoki." Niliondoka alfajiri maji yakijaa, nikaiacha Bweni na kilima chake upande wa pili, nikaingia baina ya mikoko, kisha minazi. Kwa saa kadhaa sikusikia sauti ya mtu ila kafi langu na ndege. Sitaki kuisifu raha ile kupita kiasi. Ilikuwa raha.

Kisha nikafanya kosa la mtu wa kisiwani anayedhani kwamba maji yote ni yale anayoyajua. Nilijiegesha kingoni kula mkate na tende, nikalala usingizi, na nilipozinduka maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi, kwani siku zile zilikuwa za bamvua, na mtumbwi umelala ubavu juu ya tope. Nilishuka kuusukuma, nikazama hadi magotini. Kafi nililoliweka vibaya lilikwisha kuchukuliwa na mkondo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na mimi niliyafika, nikajua na uchache wake.

Mkulima mmoja alinitokea kutoka katika shamba la mpunga, upondo mkononi. Aliniangalia, akauangalia mtumbwi, akauliza: "Mwenzako yuko wapi?"

"Niko peke yangu."

Akacheka sana. Akanivuta kwa ule upondo, akaketi nami chini ya mnazi kusubiri maji yarudi, tukazungumza mpaka alasiri. Aliteka maji ya mto kwa kiganja, akayaonja, akatema. "Chumvi," akasema. "Wazee wetu hapa walipikia maji haya." Alinieleza alivyojifunza kuyaonja kila asubuhi kabla ya kuyaingiza shambani, kwa kuwa mto unapodhoofika huko juu, bahari hupata nguvu ya kupanda. Nikayafikiria maji yale yanayogawiwa njiani, kwa mashamba, kwa mitambo, kwa mabomba, na mtu huyu wa mwisho kabisa katika foleni, ambaye mgawo wake ni kile kinachobaki. Maji yalipojaa akanipa upondo wake nirudie, akaniambia nimwachie yule mzee wa mtumbwi, atauchukua siku ya soko. Hakuniuliza jina.

Nilifika mjini usiku. Safari yangu ya siku mbili ilikwisha kwa siku moja, na Chogwe sikuiona. Sikusikitika. Nilikwenda kutafuta upweke, nikajifunza kuwa upweke wa msafiri ni amana. Mtu haelei peke yake ila pale ambapo watu wa kingoni wamekubali kutomgusa, na makubaliano hayo hayakuwako daima katika mto huu. Yalipatikana kwa gharama, na waliolipa hawakupata kuyafaidi.

Wenzangu wapenzi wa tungo, wazee wanaoyakumbuka masimulizi ya bonde la Luvu bado wako, Korogwe, Handeni, Pangani na hata Chogo. Mwenye kusoma haya na akawa na majina ya wavushaji, wapiga makafi na waliotoroka, asiyaache yafe kifuani mwake. Ya mabwana yamekwisha kuandikwa.

Nilirejea Mkata nikiwa na nguo zenye tope. Shangazi aliniletea beseni, akasimama na birika. "Ulikwenda na nani, hata ukarudi hivi?"

"Nilikwenda peke yangu, shangazi. Na hakuna aliyeniuliza mimi ni wa nani."

Alinyamaza kitambo. "Alhamdulillahi," akasema, akanimiminia maji mikononi, kidogo kidogo.